Mtembezi na Miguu Yake

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja husema, Tembea uone. Ya pili husema, Mtembezi hula miguu yake. Darasani aghalabu hupatanishwa upesi: ile ya kwanza, twaambiwa, yamhusu msafiri mwenye haja, na hii ya pili yamhusu mzururaji asiye na kazi, kisha somo huendelea. Nadhani suluhu hiyo ni ya haraka mno. Msomaji atakayefungua vitabu vya watu waliokaa siku nyingi katika mji mkubwa wa Ulaya na kuuzunguka kwa miguu ataona ajabu moja: walioona zaidi ni wale wale waliokula miguu yao. Mwenye haja maalumu, mwenye gari la kumchukua na mwenyeji wa kumwonyesha njia, mara nyingi alirudi kwao na shehena ya maajabu, lakini mji wenyewe ulimpita.

Nataka kuvipima mbele yako, msomaji, vitabu vichache vya namna hiyo, na mji niliouchagua ni London. Sidai kwamba ni mzuri kuliko Paris au Roma. Nimeuchagua kwa sababu wenyeji wake wameandika sana habari za kuutembea, na kwa sababu watu wa pande zetu wamekaa humo, wengine kwa majuma, wengine kwa miaka, na baadhi yao walishika kalamu. Kila mwandishi nitamwuliza swali moja tu: wewe unayetembea katika barabara hizi, je, una mlango wa kurudia? Uzuri wa lugha hupimwa kwa namna nyingi, na walimu wako wamekwisha kukufundisha baadhi yake. Lakini katika vitabu vya kutembea, nimeona kwamba mlango huo huamua mambo mengi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Tuanze na wageni wa siku mbili. Methali husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mtu halaumiwi kwa kuwa hakupewa jembe. Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akafuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Mukasa aliandika safari hiyo kwa Kiganda, na mwaka 1904 kitabu kikatoka kwa Kiingereza kwa jina la Uganda's Katikiro in England. Mfalme aliugua, sherehe ikaahirishwa kutoka tarehe 26 Juni hadi tarehe 9 Agosti, kwa hiyo wageni wakapata siku nyingi kuliko walizozitazamia. Mukasa ni mwandishi wa kupendeza. Kitu kigeni hukipima kwa kitu cha kwao, ili msomaji aliyeko Mengo apate kukishika mkononi. Walakini siku hizo za ziada nazo zilijaa shughuli za ugeni. Wenyeji waliwapeleka hapa na pale, na kila walipofika walikuwa wametazamiwa.

Miaka 29 baadaye, yaani mwaka 1931, Martin Kayamba wa Tanganyika alikwenda London pamoja na wenzake wawili kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikifikiria habari ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata kitabu chake kilichapishwa kwa Kiswahili, nacho chaitwa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Litazame jina hilo kabla hujafungua kurasa. Kuona kumetangulia kufanya. Na mwenye kuona ni "sisi", wajumbe, wala si "mimi". Mjumbe huona kile ambacho wajumbe hupelekwa kukiona. Hata akitembea kwa miguu, hutembea katika kundi, na mbele yake yupo mtu anayejua watakula wapi jioni. Macho ya waandishi hawa wawili yalikuwa makali; kasoro ya vitabu vyao imetoka katika ratiba. Nayo si kasoro ndogo, maana wasomaji wetu wamejifunza katika vitabu vya namna hii kwamba kuandika habari za Ulaya ni kuhesabu maajabu. Hata leo masimulizi ya vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo hufuata njia hiyo hiyo: urefu wa majumba, mwendo wa magari, ukali wa baridi. Juma la tatu likifika, maneno huwaishia, na hapo ndipo mji ulipokuwa unaanza.

Kwa nini juma la tatu? Kwa sababu yako mambo ambayo mji hauyatoi ila kwa miguu inayorudia njia. Chukua mfano mdogo. Abiria wa London huujua mji wake kwa ramani ya reli za chini ya ardhi, iliyochorwa na Harry Beck mwaka 1931 na kutolewa kwa watu mwaka 1933. Ni kazi ya akili nyingi: mistari imenyoshwa, vituo vimetungwa kama shanga. Lakini juu ya umbali ramani hiyo husema uongo kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua amekwenda umbali gani. Haja yake ni kujua atashuka wapi. Mgeni hulipa nauli katika kituo cha Leicester Square, akateremka, akangoja, akapanda, akashuka Covent Garden na kupandishwa juu kwa lifti. Reli kati ya vituo hivyo viwili ni mita 260 hivi. Angalitembea juu ya ardhi, angalifika kabla hajamaliza kula chungwa.

Au tazama jengo moja la matofali lililoko Brick Lane, upande wa mashariki wa mji. Lilijengwa mwaka 1743 liwe kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso kwao. Baadaye likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likageuzwa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, na tangu mwaka 1976 ni msikiti, ambamo wengi wa wanaosali asili yao ni Bangladesh. Apitaye mbio huona ukuta. Yule anayepita kila Jumamosi akienda kununua mkate, siku moja husimama chini ya ile saa ya jua iliyo ukutani, akasoma mwaka ulioandikwa hapo, akajiuliza msikiti huu ulikuwa wapi mwaka 1743.

Na mto nao. Mtu wa Lamu au Mombasa akiambiwa kwamba mto Thames, katikati ya mji, una kupwa na kujaa, huenda asisadiki. Lakini hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji karibu na London Bridge hupita mita 6. Aliyevuka mara moja tu hakuona kitu ila maji ya rangi ya udongo. Mwenye kuvuka daraja lile lile asubuhi na jioni ndiye aonaye matope yamefunuliwa, mashua zimelala ubavu, kisha jioni zimeinuka.

Sasa tuwasikilize wenyeji, na wa kwanza ni Charles Dickens. Insha yake iitwayo "Night Walks" ilitoka mwaka 1860. Anatuambia kwamba kuna wakati usingizi ulimkimbia kwa siku kadhaa, na dawa aliyoiona ni kuondoka kitandani na kutembea usiku kucha hadi jua kuchomoza. Ni mwezi wa Machi, kuna unyevu na baridi. Vilabu vya mwisho vinafungwa, walevi wa mwisho wanatolewa nje, na barabara zinabaki na wale tu wasio na pa kwenda. Hali hiyo Dickens huiita ukosefu wa nyumba, naye hujihesabu miongoni mwao. Akifika daraja la Waterloo, ambalo siku zile watu walilivuka kwa ushuru, hufurahi kutoa nusu peni, maana malipo hayo yampa kisingizio cha kumtakia mlinzi wa daraja usiku mwema na kuutazama moto wake kidogo. Fikiri jambo hili, msomaji. Mtu ananunua salamu moja ya binadamu kwa nusu peni, na anaona bei ni rahisi. Kurasa nyingi zimeandikwa juu ya upweke wa miji mikubwa, na nyingi kati yake hazina uzito wa sarafu hiyo.

Anaendelea. Anapita majumba ya michezo yaliyo matupu, anapita gereza la Newgate, anapita hospitali ya wenye wazimu na kujiuliza kama wenye akili timamu na wenye wazimu hawalingani wakati wa usiku, pale wenye akili wanapolala na kuota. Kisha anafika kwenye ngazi za kanisa la St Martin, saa inapogonga tisa za usiku. Hapo ghafula kitu kinainuka mbele ya miguu yake kwa ukelele. Ni kijana wa miaka ishirini hivi, amevaa matambara, anatetemeka, meno yanagongana. Wanatazamana, kila mmoja akimwogopa mwenziwe. Dickens anataka kumpa fedha. Ananyosha mkono kumzuia. Kijana anajinyonganyonga kama mnyama, anaponyoka, na Dickens anabaki peke yake na matambara mikononi.

Naomba usome mahali hapo mara mbili. Usiku kucha mwandishi amejiita mtu asiye na nyumba. Sasa asiye na nyumba wa kweli amemkimbia. Mwandishi dhaifu angalituongezea hapa maneno ya huruma, au angalituhubiri juu ya umaskini. Dickens hakuongeza kitu. Amekiacha kitambaa kiseme kwamba yeye ana mlango na yule hana, na kwamba fedha iliyo mkononi haikutosha kuivuka nafasi iliyo kati yao. Mhakiki mkali aweza kusema kwamba Dickens ni mwigizaji tu, tajiri aliyevaa ufukara kwa usiku mmoja. Nakataa. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa sababu ya deni katika gereza la Marshalsea, na mtoto akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto, akibandika karatasi kwenye chupa na kupita peke yake katika njia hizo hizo. Aibu hiyo aliificha maisha yake yote. Wasomaji waliijua baada ya kufa kwake mwaka 1870, rafiki yake John Forster alipoandika maisha yake. Miguu iliyotembea usiku wa "Night Walks" ilikuwa imefunzwa njia tangu utotoni, na mwalimu wake alikuwa njaa.

Virginia Woolf hatatukalisha sana. Insha yake "Street Haunting" ni ya mwaka 1927: jioni ya baridi, kati ya chai na chakula cha usiku, mwanamke anaondoka kwake kwa kisingizio cha kwenda kununua penseli. Anamwona mwanamke mfupi kupita kiasi akijaribu viatu dukani na kujivunia uzuri wa miguu yake. Anawaona vipofu wawili. Anapitisha muda kwenye duka la vitabu vikuukuu. Anawakuta mume na mke wenye duka la karatasi wametoka kugombana. Ananunua penseli, anarudi. Lugha ni hariri tupu. Tena kuna ukweli mzuri katika kile kisingizio, kwa maana mwanamke anayetembea peke yake bila sababu huulizwa maswali ambayo mwanamume haulizwi, na penseli hujibu yote. Lakini mlango wake upo tangu mstari wa kwanza, na chakula kinangoja. Wale vipofu wanakwenda wapi? Insha haina haja ya kujua. Huingia katika maisha ya mtu kwa kitambo cha kupepesa jicho, kisha hutoka, na hivyo yatuonyesha, pengine bila kukusudia, kwamba hata mzaliwa wa mji aweza kuwa mgeni wa siku mbili katika mtaa wake mwenyewe.

George Orwell, ambaye jina lake hasa ni Eric Blair, alikwenda mbali zaidi kwa miguu yake. Down and Out in Paris and London, kitabu chake cha mwaka 1933, kina nusu mbili. Katika Paris anatafuta kazi pamoja na rafiki yake Boris, Mrusi aliyechechemea, wakivuka mji kutoka mkahawa hadi mkahawa. Mwisho anapata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli. Katika London anaungana na mafukara wanaolala katika nyumba za serikali za kuwalaza maskini. Na hapa ndipo penye thamani kubwa ya kitabu. Orwell anaeleza kwamba kwa kanuni za siku zile fukara hakuruhusiwa kurudi katika nyumba ile ile ya kulala ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi walifunguliwa milango wakatembea siku nzima kufikia nyumba nyingine, wakapewa mkate na chai, wakafungiwa, wakatolewa tena. Watu wenye nyumba waliwaona barabarani wakasema, tazama wazururaji hawa, wanapenda kutangatanga. Hawakupenda. Waliamriwa. Methali ya mtembezi kula miguu yake imegeuzwa hapo kuwa kanuni ya serikali, na sijaona mwandishi mwingine aliyeieleza kwa uwazi na kwa hesabu kama huyu, mkate kwa mkate, peni kwa peni.

Walakini mwulize lile swali letu. London alikuwa na rafiki wa kumkopesha fedha, na kazi ilikuwa ikimngoja baada ya mwezi. Paris alikuwa na shangazi, ambaye katika kitabu haonekani kabisa. Sisemi kwamba alidanganya. Mwandishi hachukuliwi kortini kwa jamaa asiowataja. Lakini jamaa huyo angalitajwa, njaa ya Paris ingalisomeka kwa namna nyingine. Orwell mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1937, The Road to Wigan Pier, alieleza kwamba aliwaendea mafukara kwa sababu ya dhamiri iliyomsumbua baada ya kutumika kama ofisa wa polisi huko Burma. Alitembea ili atubu. Hiyo ni haja njema, lakini ni haja, na mwenye haja akimaliza huenda zake.

Kabla sijafika kwa mwandishi ninayemwona bora kuliko hawa, sina budi kusimama mbele ya mlango mmoja. Katika Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, nyumba namba 95 ina kibao cha duara cha rangi ya buluu, kama vile ambavyo Waingereza hubandika juu ya nyumba walimokaa watu mashuhuri. Kibao hicho hueleza kwamba Jomo Kenyatta aliishi humo mwaka 1933 hadi 1937. Alikuwa amefika Uingereza mara ya kwanza mwaka 1929. Alirudi kwao mwaka 1930, akaja tena mwaka 1931, na hakurudi Kenya mpaka 1946. Huyo si mgeni wa siku mbili. Jembe alipewa, tena jembe hasa, kwa maana wakati wa vita alifanya kazi ya shamba huko Sussex. Mtu akitoka mlango ule wa Pimlico akaenda kwa miguu hadi chuo cha London School of Economics, ambako Kenyatta alisoma kwa Profesa Malinowski, ni mwendo unaokaribia saa moja, na majengo ya Bunge yako njiani. Matunda ya masomo hayo ni Facing Mount Kenya, kitabu cha mwaka 1938, nacho chahusu Wagikuyu: ardhi yao, jamaa zao, mila zao. Mji aliokaa aliutumia kama meza ya kuandikia, macho akayaelekeza nyumbani. Wakati ule wengine ndio waliokuwa wakituandika, na kazi ya kwanza ilikuwa kujiandika wenyewe. Uchaguzi wake ulikuwa sawa. Lakini kwa sababu ya uchaguzi huo rafu yetu ina pengo, na kitabu kinacholiziba kimetoka kwa mtu wa Trinidad.

Samuel Selvon alizaliwa Trinidad mwaka 1923, akahamia London mwaka 1950, na mwaka 1956 akatoa riwaya iitwayo The Lonely Londoners. Inaanza jioni ya majira ya baridi, yenye ukungu. Moses, ambaye amekwisha kukaa London miaka mingi, anakwenda stesheni ya Waterloo kumpokea mtu asiyemjua, kwa kuwa ameombwa tu. Mgeni huyo, ambaye Moses atamwita Galahad, anateremka bila mzigo wowote, amevaa nguo nyepesi za nchi ya joto, na anasema hasikii baridi. Kesho yake anashikilia kutoka peke yake kwenda kutafuta kazi. Anafika barabarani, jua lipo juu lakini halina joto, watu wanampita wote wakijua waendako, na hofu inamshika kama mkono, hata hawezi kwenda mbele wala kurudi. Ni Moses amfuataye na kumkuta hapo amesimama.

Linganisha hofu hiyo na usiku wa Dickens, nawe utaona kwa nini namweka Selvon mbele. Dickens alitoka kwenda kuutafuta upweke; Galahad alitoka kutafuta kazi, upweke ukamkuta. Tena kwa Galahad mlango wa kurudia uko ng'ambo ya bahari, na nauli hana. Hapo kutembea si mchezo wala toba. Ni lazima ajifunze mji kama mtoto ajifunzavyo kusema, na kwa kweli hujifunza majina kwanza. Miezi ikipita, anapenda kuyatamka majina ya mahali, Charing Cross, Piccadilly Circus, akijisikia mkubwa kwa kuwa ataonana na mtu mahali penye jina kama hilo. Wasomaji wengine humcheka. Mimi naona ndiyo sehemu iliyotungwa kwa hekima kuliko zote katika riwaya: mtu asiye na chumba kizuri wala kazi ya kudumu anayamiliki majina, kwa sababu majina hayalipiwi kodi. Wenzake nao wameukata mji vipande na kuvipa majina yao ya mkato, wakiiita Bayswater "the Water", hata mji wa mamilioni ya watu ukawa kijiji chenye mipaka wanayoijua wao tu.

Kisha yaja majira mengine ya baridi, kazi hakuna, njaa ipo. Galahad anawatazama njiwa wanono katika bustani ya Kensington Gardens. Anamkamata mmoja. Mwanamke mwenye mbwa anamwona na kupiga kelele. Galahad anakimbia na njiwa wake, wanampika, yeye na Moses, wanamla. Msafiri wa juma moja huwatupia njiwa wa London makombo na kupigwa picha nao. Ni njiwa wale wale. Selvon ameandika kisa hicho kwa kuchekesha, na kicheko chako kikiisha, njaa inabaki pale pale ilipokuwa, kwa kuwa hakuificha.

Lugha yake nayo yastahili kutajwa. Waandishi wengi kabla yake waliwaachia wahusika waseme kwa lafudhi ya kwao, lakini msimulizi alibaki na Kiingereza cha shule. Selvon alimpa msimulizi mwenyewe usemi wa Trinidad, na mahali pamoja, anaposimulia majira ya joto na vijana wakirandaranda katika bustani ya Hyde Park, anakwenda kurasa kadhaa bila nukta. Mwalimu wa insha angalitia wino mwekundu. Lakini jaribu kuzisoma kwa sauti. Utaona pumzi yako inakwenda kama mtu anayetembea usiku wa joto asiyetaka kufika nyumbani.

Hata hivyo kitabu kina kasoro, na sipendi kuifunika. Wanaume wa Selvon wanatembea, na wanawake wanatazamwa. Katika kurasa hizo hizo za bustani, mwanamke ni kitu kipitacho mbele ya macho ya wanaume, na humsikii akisema nini juu ya mji. Aliyeokoka ni mmoja, bibi mzee aitwaye Tanty, ambaye kwa muda mrefu haupiti mtaa wake. Kisha siku moja anajikaza, anapanda reli ya chini ya ardhi na basi kwenda kumtafuta Ma mahali anapofanya kazi, na moyo unamdunda njia nzima. Ni safari fupi, na ya gari, wala si ya miguu. Lakini ujasiri wake unashinda matembezi mengi ya Galahad, na nasikitika kwamba mwandishi alimpa kurasa chache.

Mwisho wa riwaya Moses amesimama kando ya mto Thames, usiku wa majira ya joto. Miaka inakaribia kumi tangu alipofika. Anawafikiria vijana wote waliopita chumbani kwake Jumapili asubuhi wakitaka habari, wakicheka kwa kuwa wanaogopa kulia. Ametembea njia zote za mji huu, na akiulizwa amepata nini, hana jibu la kuandika katika barua ya nyumbani. Mashua ya kuvuta merikebu inapita majini. Moses anaitazama, na kujiuliza kama yeye naye angeweza kuandika kitabu.

Kitabu hicho kina kurasa zisizofikia 200, na mwanafunzi aweza kukimaliza kwa siku tatu. Kisome baada ya Dickens, siyo kabla; na ukifika kwa Galahad na njiwa wake, rudi ukasome tena lile tambara la ngazi za kanisa.